Mama Albertine na Tangi Linalovuja

Mara ya kwanza niliponunua kitu kwa Mama Albertine Ngosa, nilirudi nyumbani nikidhani nimemla mzima mzima.

Mimi ni mchuuzi wa mimea ya mapambo. Nilianza na karanga, nikahamia Mokambo, mpakani, kuvusha ndoo, unga na saruji kutoka Zambia, mwisho nikagundua jambo moja: mtu aliyemaliza kupaka rangi nyumba yake mpya kule Ruashi anatafuta kitu cha kijani cha kuweka mlangoni, na kwa siku hiyo moja habishani sana. Tangu hapo nina vyungu vyangu kando ya barabara. Watu huniuliza ni mmea gani ninaoupenda. Ninaupenda ule unaoondoka.

Siku hiyo nilikuwa natafuta fougère, ule mmea wa majani kama manyoya ya ndege, ambao wenye Kiswahili cha vitabuni wanauita kangaga. Nikaelekezwa kwenye kambi ya zamani ya wafanyakazi wa reli. "Ulizia yule mama asiyetaka maua," wakaniambia.

Nikamkuta amechuchumaa chini ya tangi la chuma, amejaza maji mdomoni, anaunyunyizia ukuta kama dobi anayenyunyizia shati kabla ya pasi. Mwanamke wa miaka sitini hivi, mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi. Nyuma yake fougère zilikuwa zimesimama kwenye vyungu, nzuri hata nikaingiwa na hofu ya bei. Nikageuza jani moja. Chini yake kulikuwa na madoa ya kahawia, yamepangwa mistari miwili. Nikafurahi.

"Mama, fougère yako inagonjwa."

"Inagonjwa nini?"

"Angalia chini ya jani. Iko na upele."

Akaliangalia jani, kisha akaniangalia mimi, muda mrefu kidogo kuliko alivyoliangalia jani.

"Unasema iko upele?"

"Upele kabisa. Nani atanunua mugonjwa na bei ya muzima?"

"Bon," akasema. "Toa bei yako, papa."

Nikatoa nusu ya nilichokuwa tayari kulipa. Akakubali palepale. Nina kanuni niliyoitoa Mokambo: mwenye mali akikubali haraka, weka mikono mfukoni uondoke. Siku ile mikono yangu ilikuwa imeshabeba chungu. Nilichukua sita. Nyumbani nikachukua brashi na sabuni ya unga, nikasugua jani moja baada ya jingine mpaka madoa yote yakaisha. Ziling'aa. Siku mbili baadaye hakukuwa na hata moja.

Aliyezinunua alikuwa Madame Syntiche, mwenye nyumba ya wageni iliyokuwa inajengwa Ruashi. Wiki iliyofuata akaniita. Alitaka kuujaza uwanja wake wa ndani, wenye mawe na kivuli, kabla ya Krismasi.

"Guelord, nataka harobaini. Mbele ya Noël. Ukikosa, niko na muntu mwengine."

Huyo mtu mwingine hakuwepo, najua, lakini ni maneno ambayo hata mimi huyatumia. Nikaenda kununua fougère Zambia. Zilikaa mpakani siku nne juani, zikafika Lubumbashi zimekuwa nyasi za kufugia sungura. Nikarudi kwa Mama Albertine. Kwake zilibaki tatu tu, kubwa, akasema hizo ni mama wa familia na haziuzwi.

"Basi uniuzishie mbegu," nikamwambia. "Nitapanda miye mwenyewe."

Akacheka mpaka akakaa juu ya ndoo.

"Fougère haina mbegu, papa. Na kile iko nacho, ulikibeba. Ulifanya nacho nini?"

"Kitu gani?"

"Ule upele."

Kuna uchungu ambao mchuuzi anaujua vizuri, ule wa kugundua kwamba gunia ulilolirudisha ndilo lililokuwa na mali.

"Nilisafisha," nikasema. "Na sabuni."

"Na sabuni!" Akavua miwani afute machozi. "We muntu ya ajabu. Nilisema huyu pengine anajua, anajifanya tu mujinga apunguze bei. Kumbe ulikuwa mujinga ya kweli!"

Akanionyesha. Kila doa ni rundo la vifuko, na ndani ya kila kifuko mna unga. Unga huo ndio unaozaa. Lakini si mbegu, na hapo alinishikia kidole puani kama mwalimu. Mbegu ni mtoto aliyeisha kutengenezwa, amefungiwa chakula cha njia. Chembe ya ule unga ni msafiri asiye na mfuko wala ndugu. Ikianguka pakavu, imekwisha. Ikianguka penye unyevu, inaanza maisha peke yake.

Haya aliyapata wapi? Si kwa diploma. Baba yake alikuwa dereva wa treni kutoka upande wa Kabalo, Mkatoliki wa kuamka na kengele, na Mama Albertine alizaliwa katika nyumba hiyohiyo ya matofali ya kambi. Aliolewa, akafiwa. Kwa miaka thelathini na mmoja alisafisha chumba cha biolojia katika shule moja ya wasichana iliyoongozwa na masista. Alifuta meza, aliosha vioo, alibandika majina kwenye droo. Sista mmoja mzee aliona kwamba mfagiaji wake anatambua mimea ya ukutani kuliko wanafunzi, akaanza kumtuma: niletee hii yenye vikofia, niletee ile yenye vikombe. Hivyo akajifunza. Jambo moja tu hakulipata. Somo la hadubini lilipoanza, kazi yake ilikuwa kutoka nje na kufunga mlango.

Alipostaafu aliugeuza uwanja wake kuwa droo za ile shule. Ukutani, upande usio na jua, wanakaa wasio na mishipa: mousse, lile zulia la kijani linaloota kwenye matofali, ambalo hunywa maji kwa mwili mzima na hivyo halikui zaidi ya kidole. Vijiti vyake vyembamba hubeba kofia ndogo, na kofia ikidondoka unga hutoka. Kando yake, chini, wanalala hépatique, majani bapa yenye vikombe. Tone la mvua likidondoka kikombeni linarusha vipande vya kijani, na kila kipande kinaota bila baba wala harusi. ("Hao habajali mahari," aliniambia.) Kisha wale wenye mishipa lakini wasio na mbegu: prêle yenye pingili kama mabomba yaliyounganishwa, na fougère. Wenye mbegu hawaingii. Jirani aliwahi kumletea waridi. Alishukuru vizuri sana, akalipanda nje ya ukuta.

Mimi nilijaribu bahati yangu pia. Siku moja nilitoka Kinsevere na gunia la kitu cha kijivu nilichokikwangua kwenye miamba, nikamwambia ni mousse ya aina nadra. Aligusa kipande kimoja.

"Hii haiko mousse. Hii njo bantu babili benye kukaa mu nyumba moja: mumoja ni uyoga, mwengine ni wa kijani mwenye kupikia bote babili. Beba bantu yako uende nabo."

Basi, biashara. Nilimwuliza anataka nini kwa fougère arobaini. Chini ya tangi alikuwa na karai kumi na mbili alizozipanda unga mwezi wa kwanza. Sasa, mwezi wa tatu, zilikuwa na utando wa kijani juu ya udongo. Alisema kufika Noël zitakuwa vyunguni. Nikangoja ataje bei. Hakutaja.

"Shule inatupa microscope ya zamani," akasema. "Économe anasema anayeitaka alete mifuko mitano ya sima, bajenge choo. Miye sina sima. Weye uko na sima?"

"Na unataka kuangalia nini, Mama?"

"Kile balikuwa banaangalia wakati nilifunga mulango."

Sima ndiyo saruji, na saruji ni kitu ninachokijua. Économe, mtunza fedha wa shule, alitaka mifuko mitano, nikampa mitatu na maneno mengi. Na Mama Albertine tulikuwa tumeelewana: hadubini kwa fougère arobaini. Nikaifunga katika kitenge cha mke wangu, nikaiweka chini ya kitanda. Mama Albertine aliposikia imepatikana, alikuja mwenyewe kwenye vyungu vyangu, amevaa viatu vya kanisani.

"Nikopeshe siku moja tu, hii Dimanche."

"Fougère kwanza, Mama."

"Nitaibeba niende nayo wapi? Congo-Brazza?"

"Fougère kwanza."

"We mutoto ya Mokambo," akasema, "hata siku ya mwisho utamwambia Mungu aonyeshe kwanza mbingu."

Sikukasirika. Ni ushauri mzuri.

Sasa lazima nieleze lile tangi, kwa sababu kosa langu limo ndani yake. Baba yake Mama Albertine aliliweka juu ya nguzo nne za matofali zamani sana. Mshono wake wa chini ulikuwa umeachia, na usiku na mchana lilidondosha: to, to, to, juu ya jiwe bapa, na kutoka pale maji yakaruka vipande vipande juu ya zile karai. Kila aliyeingia alimwambia Mama Albertine azibe. Yeye alijibu "tutaona", kama mtu anayedaiwa mchango wa harusi.

Mwisho wa mwezi wa tano, mvua zimekwisha, dada yake mkubwa akafariki huko Kabalo. Akapanda treni kwenda matanga, akaniachia ufunguo.

"Usiguse kintu. Angalia tu mwizi asiingie."

Nilikwenda kila baada ya siku mbili, kwa sababu arobaini zile zilikuwa zangu. Na kila nilipokwenda, lile to-to-to lilinichoma. Jiji ni kavu, bomba linatoa maji mara mbili kwa wiki, majirani wanapanga mabidoni yao ya maji toka alfajiri, na hapa tangi zima linapotea kwa matone! Nikamwita Élie, fundi bomba wa mtaa wetu. Akaziba mshono kwa kazi safi, hakuna hata jasho. Nilikuwa nimeisha kupanga hotuba yangu: Mama, nimekuokolea maji yako, niongeze fougère tano. Na sikuwa mzembe. Zile karai nilizipa maji mwenyewe, kikombe kimoja kila moja, kwa chini, nisiharibu utando. Udongo ukabaki na unyevu. Nilijipongeza.

Treni ilimrudisha baada ya majuma matatu, maana treni ile hurudi inapopenda. Nilimpokea mlangoni. Alikuwa na mfuko kichwani, akaweka mguu mmoja ndani ya uwanja, akasimama.

"Kimya hii ni ya nini?"

"Mama, nilikufanyia kazi moja ya muzuri..."

Hakuweka hata mfuko chini. Alikwenda moja kwa moja kwenye tangi, akapapasa mshono mkavu, kisha akapiga magoti mbele ya karai. Mimi bado nilikuwa natafuta pa kuingizia zile fougère tano.

"Keti," akasema. "Keti nikuambie kile ulifanya."

Kumbe ule unga hauoti fougère. Unaota kwanza kijani kidogo chenye umbo la moyo, si kikubwa kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Ndio utando nilioudhani ni zulia. Kila moyo chini ya tumbo lake una upande wa kiume na upande wa kike. Fougère yenyewe ni mtoto wa hao wawili. Lakini mume hapelekwi na nyuki, wala upepo haumsaidii. Anaogelea. Anahitaji maji yaliyotandaa chini ya moyo mpaka yafike kwa mke. Kikombe changu kiliupa udongo unyevu wa kuishi, si wa kuogelea. Mioyo yake ilikuwa imekomaa wiki ileile aliyoondoka, na mimi nikafunga mto.

"Maharusi balivaa," akasema, "weye ukavunja daraja."

"Sasa tumwage maji mingi!"

"Mingi juu ya nini? Kama zilikufa ndani, utamwagia maiti. Ingine zimegeuka rangi, unaona? Lazima nijue kama ziko nzima. Kama zimekufa napanda mupya leo, na fougère yako itatoka mwaka mwengine. Na macho yangu haifiki mule ndani."

Hadubini hakuiomba. Akaanza kufungua mfuko wake wa safari, akatoa samaki wakavu wa Kabalo, akawapanga juani mmoja mmoja, kana kwamba mimi sipo.

Nikahesabu, maana ndiyo kazi yangu. Hadubini ikitoka chini ya kitanda changu hairudi. Mimi ningekuwa wa kwanza kutoirudisha. Nikiishika, nashika chuma na kioo kisichonunuliwa na mtu yeyote, na Noël inafika Madame Syntiche anaenda kwa yule mtu wake asiyekuwepo. Nilikwenda nyumbani nikaileta. Hiyo ndiyo mara pekee maishani nimelipa kabla ya kuona mali, nami niliibeba taratibu, kwa kuwa ilikuwa inaniuma.

Aliiweka juu ya meza uwanjani, akageuza kioo chake kidogo kushika jua la asubuhi. Mikono yake ilijua kila skrubu. Alikuwa ameifuta miaka thelathini na mmoja. Akachukua moyo mmoja kwa sindano, akaugeuza tumbo juu, akadondosha tone la maji, akafunika kwa kioo chembamba. Akainama. Dakika zikapita. Kuku wa jirani akaja, akaangalia, akaenda zake.

"Mama?"

"Nyamaza."

"Ziko nzima?"

"Nyamaza, nimesema! Banatoka." Akashika meza kwa mikono miwili. "Banatoka... Yo! Bale! Banaogelea!"

Nilidai zamu yangu, si mimi niliyelipa? Mara ya kwanza niliona kope zangu. Mara ya pili nikaona vitu vidogo sana vilivyojikunja kama skrubu, vinazunguka kwa pupa, kila kimoja na njia yake, mfano wa pikipiki za taxi kwenye mzunguko siku polisi hayupo. Nikasema ndiyo, vinatembea. Mama Albertine alikuwa amenisukuma tayari.

Aliangalia mpaka tone likakauka. Akaweka jingine. Mchana ulipofika aliinua kichwa, alama ya duara jichoni.

"Miaka makumi tatu na moja nilifunga ule mulango," akasema. "Bale batoto bote baliona hii, na kuna benye balikuwa banalala!" Kisha, bila kupumua, "Sasa mwite Élie. Atoboe."

Élie alifika na sanduku lake, akatuangalia mmoja mmoja.

"Patron, ulinilipa nizibe."

"Ndiyo."

"Sasa unanilipa nitoboe."

"Ndiyo."

"Na mwezi wenye kuya, nizibe tena?"

"Mwezi wenye kuya ukae kimya. Toboa."

Alitoboa palepale alipoziba, kwa masikitiko ya fundi anayeharibu kazi yake nzuri. To, to, to. Majirani walisema nimechanganyikiwa, na wawili wakaweka ndoo zao chini ya jiwe mpaka Mama Albertine alipowafukuza na ufagio.

Karai tano zilikuwa zimekufa kweli, kama alivyohofia. Katika zile saba, mwezi wa nane, kila moyo uliofanikiwa ulitoa jani moja dogo lililokunjwa kama mkia wa kinyonga, na moyo wenyewe ukaanza kuoza. Mwezi wa kumi na mbili zilikuwa vyunguni, zimefika kiwiko. Tukahesabu. Ishirini na tatu.

Kumi na saba zilizopungua nilizijazia mwenyewe. Wauza maua ya maharusi wana mmea unaoitwa asparagus, mwepesi, wa manyoya, ambao mji mzima unadhani ni fougère. Nikachukua kumi na saba, nikazichanganya kwenye kamioneti, nikafunika turubai. Bahati mbaya, Mama Albertine alisema lazima aje kuzipanga mwenyewe kwenye kivuli, na mlangoni pa Madame Syntiche turubai likatoka.

Akapita kati ya vyungu kama padre kati ya watoto wa komunyo. Akasimama kwenye cha ishirini na nne.

"Papa Guelord. Hizi nani alizialika?"

"Mama, tutaongea ku nyumba."

Hakungoja nyumba. Akachuma tunda moja jekundu la asparagus, dogo kama dengu, akalipasua kwa ukucha na kumwonyesha mwenye nyumba kilichomo.

"Madame, hii haiko fougère. Iko na mbegu. Kama unaipenda, iweke. Lakini usiite fougère."

"Guelord!" akasema Madame Syntiche.

"Madame, kwa macho ni ndugu moja."

"Kwa macho hata popo ni kuku," akajibu Madame. Akachukua ishirini na tatu, akazilipia ishirini na tatu, na kumi na saba zikapanda tena kwenye kamioneti pamoja nami. Njiani nilimwambia Mama Albertine kwamba mapatano yalikuwa arobaini kwa hadubini, basi bado kumi na saba ni zangu.

"Kumi na saba ulizikausha weye," akasema. "Enda uzidai kwa Élie."

Basi, hesabu ilitoka hivi. Nilipoteza mauzo ya fougère kumi na saba, nikamlipa fundi mmoja mara mbili kwa tundu moja, na Madame Syntiche sasa hugeuza kila jani ninalompelekea. Asparagus niliziuza kwa harusi moja, sikupata hasara. Mama Albertine alipoteza karai tano. Hadubini iko kwenye meza yake, imefunikwa kwa kitenge cha mke wangu. Nilikidai, akajibu kwamba kilikuja na mashine na vumbi linaharibu kioo. Mke wangu bado anaulizia.

Lakini nilipata kitu. Sasa ninunuapo fougère popote, kwanza nageuza jani. Yenye madoa naipeleka kwa Mama Albertine bila kuipitisha kwenye sabuni, anakung'uta unga wake, na kinachoota tunagawana nusu kwa nusu. Juma lililopita, kwenye barabara ya Kinsevere, nilikuta mwanamke anauza nane, madoa tele chini.

"Mama," nikamwambia, "hizi ziko na upele."

Alibishana nami nusu saa nzima, akiapa kwamba ni vumbi tu la barabara. Nikajua hajui. Nikachukua zote nane.